P2 haijaharibu kizazi chako, ila hiyo "UTI sugu" isisubiri

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni msichana wa miaka 21, nipo mwaka wa pili chuo kikuu, Dodoma. Nina mpenzi, yeye yuko mwaka wa nne, tuna miezi saba. Mwanzoni tulikuwa tunatumia kondomu, baadaye tukaacha kwa sababu tunaaminiana. Mimi nameza P2, kile kidonge cha kuzuia mimba baada ya tendo. Semista hii nimeshameza kama mara sita, mwezi uliopita peke yake mara tatu, na siku zangu zimevurugika kabisa. Rafiki zangu chumbani wanasema P2 ikizidi inaua kizazi. Halafu nina UTI sugu, nimenunua dawa duka la dawa mara tatu, inatulia kisha inarudi. Kuna siku moja ilikuwa baada ya bashi, sherehe ya wanafunzi, nilikuwa nimelewa sana, sikumbuki vizuri. Je, nimeshajiharibu? Nikikosa mtoto baadaye nitamwambia nini mama?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza swali moja lakini ndani yake mna mengine matatu, na lile ulilolipitisha katikati kama jambo dogo ndilo lililonifanya nikae chini nikujibu kwa urefu. Nianze na P2, kwa kuwa ndiyo inayokunyima usingizi.

P2 haijaharibu kizazi chako. Maneno ya "P2 inaua kizazi" nimeyakuta mabwenini tangu nilipoanza kazi ya kutibu wanafunzi, na madhara yake nimeyaona kwa macho: binti anaogopa kumeza siku anayoihitaji kweli, anaomba Mungu, anasubiri, na wiki ya sita anaingia mlangoni kwangu analia. P2 ni homoni inayoitwa levonojestreli, miligramu 1.5, jamaa ya homoni zilizomo kwenye vidonge vya majira vya kila siku, ila hapa unapewa kipimo kikubwa kwa mkupuo. Baada ya siku chache imeshatoka mwilini. Haichomi mji wa mimba wala haiachi kovu. Wala haitoi mimba iliyokwisha kutunga. Kuvurugika kwa siku zako ni matokeo ya kuimeza mara kwa mara: mwili ulikuwa unajiandaa kutoa yai, ukaambiwa subiri, ukajiandaa tena, ukaambiwa subiri. Ukiacha kuimeza hovyo, mwezi mmoja au miwili mzunguko hurudi.

Lakini kuvurugika huko kumekuondolea kitu muhimu. Huwezi tena kutumia tarehe kujua kama una mimba. Kwa hiyo kabla ya yote pima mkojo. Kipimo kinachofanywa wiki tatu baada ya mara ya mwisho ya kulala bila kinga kinaaminika. Kikisema hakuna, tuendelee.

Sitaki pia uione P2 kama ngao, maana sivyo. Mwaka 1998 Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo ya majaribio makubwa ya kidonge hiki. Kwa wanawake waliomeza ndani ya saa 24, kilizuia mimba 95 katika kila 100 ambazo zingetarajiwa kuingia. Kati ya saa 25 na 48 ikawa 85. Kati ya saa 49 na 72 ikawa 58. Unaona inavyoporomoka kila usiku unaopita. Na inavyofanya kazi ni kwa kuchelewesha yai tu. Kama yai limeshatoka, P2 haina la kufanya. Kama halijatoka, limezuiwa kwa siku kadhaa, halikufutwa. Binti anayemeza Jumapili asubuhi kwa ajili ya Jumamosi usiku, kisha akalala tena bila kinga Jumatano akidhani bado analindwa, ndiye ninayempima mimba mara nyingi kuliko yule ambaye hakumeza kabisa, kwa sababu huyu wa pili angalau anajua hana kinga. Ukitapika ndani ya saa mbili baada ya kumeza, meza dozi nyingine. Na mtu anayetumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, au baadhi ya dawa za kifafa, amwambie mfamasia kabla, kwa sababu zinaipunguzia nguvu.

Basi. Sasa tuzungumze hiyo UTI.

Vyuoni kila kinachosumbua chini ya kitovu kinaitwa UTI. Mkojo ukichoma, UTI. Uchafu ukibadilika rangi au harufu, UTI. Kuwashwa, UTI. Tumbo la chini kuuma wakati wa tendo, UTI. Sababu naielewa: ni jina lisilo na aibu. Unaweza kulitaja mbele ya rafiki, mbele ya mama kwenye simu, hata mbele ya mhadhiri ukiomba ruhusa ya kukosa jaribio. Ukisema una UTI hakuna anayewaza ulikolala. Kisonono kina aibu. Kaswende ina aibu. Klamidia wengi wenu hamjawahi hata kuisikia, ingawa ni miongoni mwa magonjwa ya zinaa yanayowapata vijana wengi zaidi duniani.

UTI ya kweli ni bakteria walioingia kwenye njia ya mkojo, mara nyingi wale wale wanaoishi kwenye utumbo mpana. Binti mwenye afya akipata dawa inayomfaa hupona ndani ya siku chache. Inaweza kurudi, sikatai. Lakini inayotulia na kurudi mara tatu, kwa mtu anayelala bila kondomu na mwenzake hajatibiwa, mimi siikubali kuwa ni UTI mpaka kipimo cha kuotesha mkojo kinithibitishie.

Nikueleze jinsi kosa linavyotokea, kwa sababu linatokea kila siku na halitokani na ubaya wa mtu. Unakwenda zahanati, unapewa kikopo, mkojo unatazamwa kwa darubini, karatasi inarudi inasema kuna chembe za usaha. Chembe hizo ni askari wa mwili. Zinasema kuna vita; hazisemi vita viko mtaa gani. Kama klamidia au kisonono kimekaa kwenye shingo ya kizazi, askari hao hao wanashuka ukeni na kuingia kwenye kikopo pamoja na mkojo. Aliyepokea karatasi anaona usaha, anaandika UTI, unapewa siprofloksasini, ile mnayoiita sipro. Na sipro kwa kisonono imechakaa: vijidudu vimejenga usugu dhidi yake, haitegemewi tena kukitibu. Klamidia nayo inataka dawa nyingine. Dalili zinatulia kidogo, unashukuru Mungu, kijidudu kinabaki pale pale. Mara ya pili huendi tena zahanati, unakwenda moja kwa moja duka la dawa na kuitaja ile ile kwa jina.

Hapo ndipo panaponitia wasiwasi, mwanangu. Umeogopa kidonge kisichogusa kizazi, na kinachoweza kukigusa umekipa jina la ugonjwa wa kawaida. Wanawake wengi wenye klamidia hawaoni dalili yoyote, au wanaona kidogo tu kama wewe. Ikiachwa, inapanda: shingo ya kizazi, mji wa mimba, kisha mirija. Mirija ya uzazi kuna sehemu njia yake ni nyembamba kama uzi wa kushonea. Ikivimba na kupona inaacha kovu, na kovu kwenye njia kama hiyo huziba. Kule Lund, Sweden, madaktari walifuatilia kwa miaka mingi wanawake waliougua maambukizi ya mirija. Walioyapata mara moja, kama 8 katika 100 walikuja kushindwa kushika mimba kwa sababu ya mirija. Walioyapata mara mbili, kama 20. Mara tatu na zaidi, 40.

Isome hesabu hiyo pande zote mbili. Upande mmoja inasema kila kurudiwa kuna gharama, usisubiri ya tatu. Upande wa pili inasema hata mwenye maambukizi yaliyofika kwenye mirija, mara ya kwanza 92 katika 100 walinusurika. Na wewe hakuna kinachoonyesha kwamba yamefika huko. Umeniuliza kama umeshajiharibu. Kwa uliyoniandikia, sioni sababu ya kusema hivyo. Naona sababu ya kwenda hospitali wiki hii.

Ukifika, usiseme "nina UTI". Sema hivi: "Nalala na mwanaume bila kondomu, nina dalili zinazojirudia, nimeshatumia dawa mara tatu, naomba nichunguzwe magonjwa ya zinaa." Taja na majina ya dawa ulizomeza, au beba maboksi kama unayo. Sentensi hiyo moja inabadilisha matibabu yote. Hospitali nyingi hazina kipimo cha klamidia, na mwongozo wetu wa tiba unalijua hilo: daktari anatibu kwa kundi la dalili, anakupa kwa pamoja dawa za vijidudu vinavyoweza kuzileta. Omba upimwe kaswende na virusi vya UKIMWI siku hiyo hiyo. Kaswende huanza kwa kidonda kisichouma, kinapona chenyewe, na mtu anasahau huku ugonjwa ukiendelea ndani. Inatibika kwa sindano ya penisilini. Kama una homa, au tumbo la chini linauma sana, au unatoka damu wakati wa tendo, usingoje wiki. Nenda leo.

Najua kwa nini ulikwenda duka la dawa badala ya zahanati. Mwaka 1999 nikiwa mwanafunzi nilikwenda zahanati moja kuulizia vidonge vya majira. Muuguzi akaniuliza kwa sauti, foleni nzima ikisikia, kama nimeolewa. Nikashika mkoba wangu nikaondoka, na miaka miwili sikukanyaga pale hata nilipoumwa malaria. Nimekaa upande wa pili wa meza muda mrefu sasa na bado nasikia swali hilo likiulizwa kwenye vyumba vya jirani. Likikukuta, una haki ya kuomba mhudumu mwingine, na usirudi nyumbani bila huduma. Hospitali kubwa za mkoa mara nyingi ni rahisi zaidi kwa mwanafunzi, kwa sababu hakuna anayekujua na foleni ni ndefu kiasi cha kutomjali mtu.

Sasa nije kwenye lile neno lako, "tunaaminiana". Watu wazima wakizungumzia ngono vyuoni huzungumzia pombe, boom (fedha za mkopo wa wanafunzi) likitoka, na madanga wenye magari wanaosubiri getini. Vyote vipo, nimevitibu. Lakini wengi wa mabinti na vijana walionijia na magonjwa hawakuyatoa kwa danga. Waliyatoa kwa mtu wa darasani kwao, wanayempenda na anayewapenda, baada ya kuacha kondomu. Nimekuwa na mazoea ya kuwauliza: mliiacha lini, na mliamuaje? Karibu wote wanakwama kwenye swali la pili. Hawakuamua. Siku moja iliwaishia, usiku umekwenda, hakuna wa kuvaa viatu kwenda dukani, wakalala hivyo hivyo. Hakuna kilichotokea. Wiki iliyofuata kuirudisha kukawa kama kumshutumu mwenzako. Nani atakuwa wa kwanza kusema tuvae tena? Anayesema anaonekana ama hamwamini mwenzake, ama ametoka nje yeye mwenyewe. Basi wananyamaza wote wawili, na huko kunyamaza wanakuita kuaminiana.

Siubezi uaminifu wenu. Inawezekana kabisa kijana huyo hajamgusa mwingine tangu akutane nawe. Lakini mtu anaweza kuwa mwaminifu kwako kwa moyo wote kuanzia siku mliyoanza, na bado akawa na klamidia aliyoipata mwaka wa pili kwa msichana ambaye naye alimwamini. Wanaume nao huibeba bila dalili. Mapenzi ya chuo mengi hufa na semista. Mtu akipita kwa wapenzi wanne ndani ya miaka minne, mmoja baada ya mwingine, bila kudanganya hata mmoja, bila kinga na bila kupima katikati, amewaunganisha wote wanne na yeye mwenyewe hana habari. Anayeacha kondomu kwa usalama ni yule aliyepima na mwenzake, wote wawili, kisha wakaamua. Ninyi mlianzia mwisho.

Kuna jambo jingine naliona kwa kizazi chako, na nalieleza kwa upole maana si kosa lenu. Mnaogopa mimba kuliko virusi. Mimba inaonekana, miezi mitano baba amejua, kanisa au msikiti umejua. Virusi havionekani. Mimi nimezaliwa Kagera, na nilikuwa mtoto mdogo mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walipogundulika huko kwetu. Tuliuita Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuwa kinaingia na wafanyabiashara wa mpakani. Nilikua nikienda misibani Jumamosi kama wenzangu wanavyokwenda mpirani. Hakuna aliyenifundisha kuogopa, nilijifunza kwa kuhesabu nyumba zilizobaki na bibi na wajukuu tu. Wewe una miaka 21. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini Oktoba 2004, ukiwa kichanga au bado hujazaliwa. Hujawahi kumwona mtu akiisha kitandani kwa ugonjwa huu, na namshukuru Mungu kwa hilo kuliko ninavyoweza kuandika. Ila virusi havijaondoka. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta watu 4.4 katika kila 100 wenye miaka 15 na zaidi wanaishi navyo. Kwa wanawake 5.6, kwa wanaume 3.0. Ukumbi wa mihadhara wenye watu 300 si kitu kilichofungiwa mbali na nchi hiyo.

Kwa hiyo pima, na urudie baada ya miezi mitatu tangu mara ya mwisho uliyolala bila kinga, maana kipimo cha haraka kinaweza kuchelewa kuona maambukizi mapya. Kama kukaa kwenye benchi la kupima kunakuogopesha, tangu mwaka 2019 sheria yetu inamruhusu mwenye miaka 18 na zaidi kujipima mwenyewe. Unapitisha kijiti kwenye fizi na kusubiri dakika zilizoandikwa. Kikionyesha una maambukizi bado si jibu la mwisho, lazima kithibitishwe kituoni. Na ikiwa mmoja wenu ana virusi, leo hilo lina maana tofauti kabisa na ilivyokuwa kwetu Kagera: anayemeza dawa kila siku mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hawaambukizi wapenzi wake kwa ngono, na anaweza kuzaa watoto wasio na virusi.

Utamwambiaje mpenzi wako? Mabinti wengi wanaanza na "lazima ukapime", naye anasikia "umeniletea ugonjwa". Anza na mwili wako: "Nina maambukizi yanayojirudia, daktari amesema hayatapona tusipotibiwa wote wawili." Ni kweli tupu. Ukitibiwa peke yako atakurudishia, utarudi duka la dawa, na hesabu ile ya Lund itaanza kusogea. Mkishameza dawa, kaeni siku saba bila kukutana kimwili, au mpaka dozi iishe na dalili ziondoke. Akikasirika siku ya kwanza mvumilie, ameogopa. Vijana wa kiume hawafundishwi kwamba nao wana afya ya uzazi. Akikataa wiki ya pili na ya tatu, hapo amekujibu swali ambalo hukumuuliza, na mimi ningekuwa mama yako ningekuambia usilale naye mpaka abadilike.

Umeandika mstari mmoja juu ya usiku wa bashi kisha ukaukimbia. Sitakulazimisha urudi. Nataka tu ujue kwamba mtu aliyelewa hadi hakumbuki hakuwa katika hali ya kukubali, hata kama aliyekuwa naye ni mpenzi wake wa miezi saba. Kama ukiukumbuka usiku ule moyo unakuambia hukutaka, au aliyekuwepo hakuwa yeye, pombe uliyokunywa haikufanyi wewe kuwa mwenye kosa. Unaweza kuzungumza na mshauri wa wanafunzi, Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au Kituo cha Mkono kwa Mkono kwenye hospitali zenye huduma hiyo, hata kama siku zimepita. Na lijue hili kwa ajili yako na wenzako chumbani: likitokea, au kondomu ikipasuka na mtu usiyejua hali yake, kuna dawa za PEP. Zinazuia virusi vya UKIMWI kama ukianza ndani ya saa 72, na kila saa ina thamani. Zinamezwa siku 28 bila kuruka. Chumba cha dharura cha hospitali wanazo, na matibabu hayo yaanze kwanza, karatasi za polisi zifuate. Nimesikitika mara nyingi kumpa binti kikombe cha maji ameze P2 siku ya nne huku muda wa PEP umeshapita, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia ipo.

Ukishapona tuitoe P2 kwenye ratiba yako. Kwa maisha unayoishi ningekupendekezea kijiti. Kinawekwa chini ya ngozi ya mkono, kuna cha miaka 3 na cha miaka 5, kinatolewa siku yoyote ukitaka, na uwezo wa kuzaa unarudi haraka. Hakisafiri kwenda moyoni kama wanavyosema. Sindano ya miezi mitatu nayo ni nzuri, ila baada ya kuiacha uzazi huweza kuchelewa miezi kadhaa kurudi, na wewe ulivyo na hofu hiyo ingekutesa bure. Kitanzi cha shaba hudumu miaka 10 na zaidi, na kikiwekwa ndani ya siku tano baada ya tendo huzuia mimba kuliko P2, lakini kwako kisiwekwe kabla maambukizi hayajaisha. Vituo vya serikali hutoa huduma hizi bila malipo. Kondomu ibaki palepale, kwa sababu kijiti hakijui klamidia ni nini. Isikae kwenye pochi ya kalio wiki nzima ikipikwa na joto, isifunguliwe kwa meno, na isipakwe mafuta ya mgando wala ya nazi, yanaila mpira. Tumieni kilainishi cha maji.

Jambo dogo: mwaka 2018 chanjo ya saratani ya shingo ya kizazi ilipoanza kutolewa nchi nzima, ililenga wasichana wa miaka 14. Ni rika lako. Muulize mama kama kadi yako ipo, maana ilikuwa sindano mbili na wengine walipata moja tu.

Na kuhusu mama. Una miaka 21, faili lako ni siri yako. Daktari haruhusiwi kumpigia mama yako, wala chuo. Hakuna habari ya kukosa mtoto ya kumpelekea kwa sasa. Kama siku moja utataka kumweleza, utamweleza ukiwa umeshatibiwa. Jumatatu nenda mapema, uwahi namba, na usiende haja ndogo kwa saa moja kabla ya kuonana na daktari, kwa sababu wakiwa na kipimo cha klamidia cha mkojo watautaka mkojo ule wa mwanzo.